Swali la Tatu la Munganga wa Imbwa

Ukimpelekea mbwa mgonjwa, alimsalimia mbwa kwanza. Wewe mwenye mbwa ulisubiri umesimama na kamba mkononi, hata kama ulikuwa mkubwa wa ofisi na suti yako ya abakosti imepigwa pasi. Alichuchumaa, akasema, "Jambo, mugeni," akanyoosha mkono wa kushoto unuswe mpaka mbwa atosheke. Ndipo alipoinua kichwa na kukuuliza habari za nyumbani. Wengine walichukia jambo hilo. Mimi siku ya kwanza nilicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichofanya anizoee.

Sisi wa kambi ya reli ya Kindu tulimwita Munganga. Madaktari wa watu nao waliitwa hivyo, lakini ukisema Munganga tu, bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtaka mzee wa mbwa. Alikuwa muuguzi wa mifugo wa serikali, na mifugo yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, maana Maniema ni msitu na ng'ombe hawana raha huku. Kazi ikabaki mbuzi, na mbwa, hasa mbwa: wa kulinda nyumba zetu za reli, na wale wadogo wa kuwinda waliotoka upande wa Punia na kengele za mti shingoni. Yeye alikaa Alunguli, ng'ambo. Kila asubuhi alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, sanduku lake la bati juu ya magoti, na kila alasiri alirudi.

Kazi yake ilianza na maswali, na kila swali aliliuliza mara tatu. "Alikula nini?" Ukajibu. Akavuta mdomo wa mbwa, akatazama ufizi, akafuta kidole kwenye suruali. "Alikula nini?" Ukajibu tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayedhani mzee hasikii vizuri. Akachungulia masikio, akabonyeza tumbo, akanusa. "Alikula nini?"

Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu bila kunitazama, anatoa kupe katikati ya vidole vya mbwa.

"Mama, jibu ya kwanza njo ya haya. Ya pili njo ya woga. Ku ya tatu muntu anachoka, anasema kweli. Imbwa hana kinywa ya kusema. Kinywa yake njo wewe, na wewe uko muongo."

"Miye muongo, Baba?"

"Wenye imbwa wote. Hata miye nikikuwa na imbwa, nitadanganya."

Yeye hakuwa na mbwa. Maisha yake yote hakufuga hata mmoja.

Nilishuhudia swali la tatu likifanya kazi. Fundi mmoja wa karakana ya treni alileta mbwa anayetetemeka na kutapika. Mara ya kwanza alisema mbwa amekula kama kawaida. Mara ya pili akasema labda jirani amemwekea sumu, akamtaja na jirani. Mara ya tatu akakuna kichwa, akasema kwamba mbwa alikuwa na upele, naye akampaka mafuta machafu ya mashini, mwili mzima, kama alivyoona wenzake wakifanya. Ndivyo tulivyofanya sote kambini. Mafuta ya mashini hatukuyakosa, na tuliamini kitu kinachotuliza chuma hakiwezi kushindwa na upele. Munganga alipiga kelele mpaka wanawake wakatoka majikoni. "Imbwa anajilamba! Kila kitu unamupaka, anakunywa!" Akamwosha yule mbwa kwa sabuni mara nyingi, akakaa naye mpaka alasiri. Dawa yake mwenyewe ya upele ilikuwa unga wa salfa katika mawese, baada ya kuoga, kila siku ya nne, na gunia analolalia mbwa lichomwe moto. Gunia hilo hatukupenda kulichoma, kwa hiyo upele ulirudi, na yeye alirudi na kelele zake.

Mengi niliyojua kuhusu mbwa nilijua kwake. Kupe huvutwa taratibu karibu na ngozi, anatumbukizwa kwenye kopo la mafuta ya taa, hapasuliwi kwa kucha kama chawa. Ufizi wa mbwa mzima ufanane na ndani ya mdomo wako mwenyewe. Ukiwa mweupe kama unga wa muhogo, basi kupe au minyoo wanamnywa damu. Mtoto wa mbwa anayehara damu apewe maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari kidogo, kwa kijiko, kidogo kidogo, kutwa nzima. Jirani yangu mmoja aliponya mtoto wake wa kuzaa kwa maji yale yale, kisha akatuomba tusiseme dawa imetoka kwa nani. Tulisema, bila shaka. Munganga aliposikia alifurahi wiki nzima.

Na mbwa akikuuma, au mate yake yakiingia kwenye jeraha, sabuni na maji, muda mrefu, mpaka mkono uchoke. Hilo alilirudia kuliko yote. Kulikuwa na jambo la pili alilolirudia, na hilo hakulisema tu, aliliigiza. Alisimama katikati ya uwanja wangu, akaachia taya lake lining'inie, macho yamekodoka, mate yakimdondoka kidevuni bila aibu. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye alifuta kidevu.

"Mukiona imbwa iko hivi, musitie mukono. Kila muntu atasema, mufupa imemukwama. Mufupa iko, kweli, mara moja moja. Lakini ile ingine iko na sura moja na mufupa."

Neno kichaa cha mbwa alilikwepa. Alisema "ile ingine", na sisi tukajifunza kusema hivyo.

Alikuwa Mwislamu wa Kindu, wa ukoo uliosali tangu zamani za waungwana waliokuja na misafara ya pwani, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mikono iliyoguswa na mate hayo huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Fikiria basi mtu wa kazi ile. Nilimwona akinawa uani kwangu mara kumi kwa siku, birika kando yake, midomo inahesabu. Msikitini walimsema, walimwambia atafute riziki nyingine. Aliniambia aliwajibu kwa neno moja tu: "Mungu aliumba imbwa mbele ya kuumba ninyi." Sijui kama ni kweli alisema hivyo au alitamani kusema. Ninachojua ni kwamba hakukosa sala, na hakukosa mbwa. Mbwa alimshika kwa kushoto, chakula kwa kulia. Maji aliyapenda kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kwenye mtumbwi mkono wake ulikuwa mtoni tangu ukingo huu mpaka ule.

Ilikuwepo sindano ya kumkinga mbwa na ile ingine. Ililetwa kwa treni, ikahifadhiwa kwenye frigo, jokofu la mafuta ya taa, ofisini kwake. Mwaka mmoja mafuta ya taa yalikosekana, mji mzima ukapika kwa kuni na kuwasha mawese. Frigo ikazimika. Aliandika barua, akapiga telegramu, akaomba misheni, akaomba wafanyabiashara. Siku ya tano alifungua chupa, akaona dawa imeharibiwa na joto, akazimwaga zote chooni.

"Ungewachoma imbwa tu, watu watulie," nilimwambia.

"Maji ya moto njo nitachoma? Halafu muntu ajue imbwa yake iko salama, amuweke ku kitanda na watoto?"

Tangu siku ile alibadilika. Alivuka mto kila asubuhi na sanduku lile lile, ndani mna salfa, makasi na kopo la kupe. Hakupiga kelele tena. Habari zikaja kwamba huko njia ya Kampene mbwa wameanza kuuma watu, kisha zikaja za karibu zaidi. Amri ikatoka: mbwa yeyote mwenye dalili, askari aitwe ampige risasi, pamoja na mbwa wa nyumba za jirani. Nilimwona Munganga ameketi juu ya reli mchana kweupe, mikono imelegea magotini. Nilimwuliza anafanya nini. Alisema anasubiri treni, na sote tulijua treni haiji wiki ile.

Sasa inabidi niseme habari za Filipo.

Mume wangu alibatizwa Filipo, kwetu Kasai, kabla hatujaletwa huku na kazi ya reli. Serikali ilipokataza majina ya ubatizo, alichukua jina la babu yake kama watu wote, akalitumia kazini bila kinyongo. Lakini jioni hiyo hiyo alimwita mbwa wetu mdogo, aliyekuwa hana jina bado, akamwambia, "Sasa weye njo Filipo. Uniwekee ile jina." Tulicheka. Kambi nzima ilicheka, na hakuna mkubwa aliyeweza kumshtaki mbwa. Miaka sita nilisimama mlangoni nikiita Filipo, na walitokea wawili.

Kisha mume wangu aliugua ini, akafa. Msalabani waliandika jina la babu. Nikaendelea kusimama mlangoni nikiita Filipo, na alitokea mmoja, anatikisa mkia. Munganga ndiye pekee aliyeelewa bila kuelezwa. Akija, alichuchumaa akasema, "Jambo, Filipo," kwa adabu kabisa, kama anamsalimia mwenye nyumba.

Miezi michache baadaye, siku ya Alhamisi, Filipo aliingia chini ya kitanda akakataa kutoka. Hakula. Kubweka kwake kulianza vizuri kukaishia katika mlio wa kukwaruza ambao sikuwahi kuusikia. Jumamosi asubuhi alitoka mwenyewe, akasimama uani, taya limening'inia, mate yanashuka mpaka mchangani. Nilikuwa nimeliona taya lile. Nililiona uani pale pale, nikalicheka. Nilijua. Naandika tena ili nisijidanganye: nilijua.

Nilijua pia kwamba neno lile likitamkwa, askari watakuja na bunduki, na mtu atasema kwa sauti, "Filipo ni yupi?" Nami nitanyoosha kidole. Nilikuwa nimezika mmoja mwaka ule ule. Sikuwa na nguvu ya kunyoosha kidole.

Munganga alipita kama kawaida yake. Alichuchumaa. "Jambo, Filipo." Filipo hakunusa mkono wake. Alitazama pembeni.

"Alikula nini?"

"Mufupa, Baba. Mufupa ya mbuzi."

Alimzunguka, akamtazama macho, akagusa koo kwa nje. Mimi nilisimama mbali, mgongo ukutani. Sikuwa nimemgusa Filipo tangu alipotoka chini ya kitanda, na mtu mwenye macho kama yake hakukosa kuliona hilo.

"Alikula nini, mama?"

"Mufupa. Miye mwenyewe nilimupatia. Ile ya bega." Mwongo huongeza nyama kwenye mfupa wake. "Ilikuwa ya karamu ya jirani."

Hapo firimbi ya salongo ikalia. Jumamosi ilikuwa siku ya kufyeka na kufagia barabara kwa lazima, na asiyeonekana aliandikwa jina. Munganga alitazama barabara, akanitazama mimi. Nilisubiri. Nimeapa mara nyingi, mbele ya padri na peke yangu, kwamba angeuliza tena ningesema. Neno lilikuwa tayari kinywani.

Hakuuliza. Alikunja shati, akaweka kijiti kati ya meno ya Filipo, akaingiza mkono wa kushoto mpaka koo. Alitafuta muda mrefu. Filipo hakuuma, taya lilitetemeka tu, na jino likamkwaruza chini ya kidole gumba. Damu ilikuwa kidogo sana.

"Hakuna kitu," akasema.

"Labda imeshuka."

"Labda imeshuka."

Aliomba maji. Nilimmiminia birika, akanawa mara saba, moja kwa udongo wa uani kwangu. Ndani ya sanduku langu la nguo nilikuwa na kipande cha sabuni. Sikukileta. Kuleta sabuni kungekuwa kusema ni ile ingine. Naye hakuiomba.

Filipo alikufa siku mbili baadaye, miguu ya nyuma imekufa kwanza. Nilimfungia ndani mpaka mwisho, nikamzika nyuma ya choo. Alhamisi nilikutana na Munganga kwenye gati ya mitumbwi.

"Filipo alikufa, Baba. Mufupa ilimushinda."

"Pole, mama."

Kisha akamwita mwenye mtumbwi, akapanda. Niliona mkono wake wa kushoto umekaa juu ya sanduku, haukuingia mtoni.

Wiki zikapita. Alifanya kazi. Alitoa kupe, alipaka salfa, alisalimia mbwa kwanza. Mimi nilimhesabia siku bila yeye kujua, na kila alipotokea asubuhi nilipumua. Nilipata hata kujiambia kwamba pengine mfupa ulikuwepo kweli. Siku moja nikamwona akikuna kidole gumba cha kushoto, pale jino lilipopita, anakuna, anaacha, anakuna tena. Nikaingia ndani nikakaa sakafuni.

Baada ya siku tatu hakuvuka. Siku ya nne nilivuka mimi.

Mke wake alinipokea mlangoni, mama mtulivu mwenye mtandio mweupe. Alinong'ona kwamba amejaribu kunywa chai tangu jana, koo linafunga, anaruka kama aliyechomwa. Hata sauti ya maji ikimwagwa jikoni kwa jirani inamtesa. "Sindano wanasema iko Kisangani," akasema. "Tena ingetakiwa zamani, mbele haijaanza." Hakuna aliyemwambia kwamba ilianzia uani kwangu. Alinitazama kwa ukarimu, kama mgeni mwema aliyekuja kusalimu, na ukarimu ule sijausahau.

Alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, madirisha yamefungwa kanga. Amekonda, macho makali. Akili yake ilikuwepo yote. Kando yake, mahali birika lilipokaa siku zote, palikuwa na sahani yenye udongo mkavu. Nilipiga magoti nikamshika mkono, ule wa kushoto. Aliuacha nishike kidogo, kisha akauvuta.

"Mama," akasema. "Filipo alikula nini?"

Nilisikia mke wake akisimama nyuma yangu.

"Hakula kitu, Baba. Hakukuwa mufupa."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, au kwamba hataki kuniona tena, na nilikiri moyoni kuwa ni haki yake.

"Ya tatu," akasema.

Nikalia. Nikamwambia ni mimi, nimemuua, ningesema siku ile kama angeuliza tena, ile firimbi. Alitikisa kichwa.

"Firimbi hapana. Firimbi nilisikia maisha yote." Alingoja koo lake litulie. "Niliogopa jibu yako. Nilijua ile kweli, dawa yake haiko Kindu. Mufupa, dawa yake iko, mukono tu. Nikataka ikuwe mufupa. Nilitaka kuponya kitu kimoja, mama. Kimoja tu, tangu frigo."

"Na sabuni, Baba. Nilikuwa na sabuni."

"Najua. Kila nyumba iko na kipande." Akafanya kitu karibu na tabasamu. "Nilikuambia zamani, mwenye imbwa iko muongo. Sikukuambia munganga naye."

Adhana ikasikika kutoka msikitini. Mkono wa mke wake, kwa mazoea ya miaka, ulikwenda mahali pa birika, ukasimama hewani. Mzee yule aliyenawa kuliko watu wote wa Kindu alipiga viganja vyake kwenye udongo wa sahani, akafuta uso, akafuta mikono, wa kulia na wa kushoto, akakaa sawa. Kabla hajaanza sala alinigeukia.

"Umenishika mukono. Nenda unawe. Lakini si hapa. Nenda ku mutoni, nisisikie maji."

Nilishuka mpaka Lualaba. Nilinawa mara saba, moja kwa udongo wa ukingoni, nikapanda mtumbwi. Mwenye mtumbwi alikuwa akinitazama.

"Uko na nini, mama?"

"Hakuna kitu."

Alipiga kasia kidogo. "Uko na nini?"

"Hakuna kitu, baba. Piga kasia."

Hakuuliza tena mpaka tukafika ng'ambo.